Upepo Umetulia, Arvid Skaar

Mwaka mzima umekatika, Arvid, tangu asubuhi ile uliyokaa kwenye dirisha la jikoni ukingoja upepo utulie, ukatulia wewe kwanza.

Theluji ya Machi imerudi kama ulivyoiacha, nyeupe juu na tope chini. Ndama wanazaliwa saa mbaya, kama kawaida yao. Mwanao Duane ndiye anayewapokea. Huwabembeleza kwa sauti yako ile ile, ya upole ambao mkeo Idella anasema hakuupata hata siku ya harusi.

Ulikuwa mtu wa watu. Farasi wa jirani yetu mjane alipotumbukiza mguu kwenye shimo la kindi wa ardhini na kuuvunja, ulikwenda wewe ukammaliza kwa risasi moja asiteseke. Kisha ukamwachia yule mama farasi wako mwenyewe, ukarudi nyumbani kwa miguu. Ulipoulizwa ukasema tu, "Nimemwazima." Farasi yule alifia kwa yule mama, kwa uzee.

Tangu siku hiyo ukawatangazia vita kindi wachimba mashimo. Vita gani! Malisho yote yalijua kwamba kindi wa Skaar hufa kwa ukongwe. Ulichopiga zaidi ni karatasi ya shabaha. Kindi alikuwa kisingizio. Ulichokipenda ni bunduki yako ndogo, yenye risasi nyembamba kuliko penseli, na lile banda lenye jiko la kuni ambamo ulizijaza risasi zako mwenyewe, moja moja, kwa mkono, kama mpishi asiyekula cha mgahawani. Fataki chini ya ganda, baruti ndani, kichwa juu. Ukijaza, ulipiga mbinja za nyimbo za kanisani, zote kwa tuni moja.

Mlangoni mwa banda uliandika sheria yako kwa rangi ya trekta: RISASI ILIYOJAZWA NA MKONO WA MWINGINE HAIINGII BUNDUKINI MWAKO. Maana anayekosea kipimo cha baruti si yeye anayepasukiwa na bunduki usoni.

Jirani yako Gus Tollefson alikuomba mara ngapi?

"Mbili tu, Arvid. Nijaribu."

"Gus, nitakupa ng'ombe. Nitakupa hata Idella, mpaka Jumatatu. Risasi hapana."

Mkeo akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwulize kwanza kama kwake kuna mashine ya kuosha vyombo!"

Kisha likaja lile debe. Ulilinunua mnadani, kwenye vitu vya marehemu fulani: debe zima la vichwa vya risasi, vyepesi kama punje, ngozi yake nyembamba kama karatasi ya chokoleti. Hukuangalia vinafaa bunduki gani. Uliangalia kwamba hakuna mwingine aliyevitaka, na wewe hukuweza kuona kitu kizuri kikikosa mwenyewe. Hivyo ndivyo tulivyompata hata mbwa.

Ndani ya mtutu, wanaojua wanajua, mna mifereji iliyojipinda kama uzi wa skrubu, nayo ndiyo huizungusha risasi ipate kwenda imenyooka. Mtutu wako mpya mifereji yake ilijipinda sana, umetengenezewa vichwa vizito. Ukaupa vile vyepesi. Ukafyatua. Ukasikika mlio, kikaonekana kiwingu cha kijivu njiani kama pumzi ya ng'ombe kwenye baridi, na karatasi kule ng'ambo ikabaki safi kama shuka la mchungaji. Risasi ilizungushwa mpaka ikajipasua yenyewe hewani.

"Leo umemuua nani kule Kanada?" Gus akauliza, jicho kwenye darubini.

"Ni upepo."

"Upepo umekula risasi?"

"Upepo wa hapa ulikula paa la kanisa, Gus, na wewe ulikuwa chini yake umelala."

"Labda ni kahawa yangu," mkeo akasema.

"Nayo pia," ukajibu.

Fundi bunduki wa mjini alikupa mawili: ubadilishe mtutu au ubadilishe vichwa. Wewe ukatafuta la tatu. Ukasema utapunguza baruti, kidogo kidogo, mpaka kichwa kitoke kwa mwendo kinachouweza kisipasuke. Kila mtu akacheka. Ukakaza uso kama mlango wa banda, ukaanza.

Lakini mikono, Arvid. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Baruti ilimwagika pembeni ya sahani ya mizani kama sukari ya mtoto. Ulikuwa ukiizoa na kuanza upya, ukiizoa na kuanza upya, bila kupiga mbinja. Mkeo aliyaona hayo mlangoni, akavuta kigoda.

"Sogea, mzee. Nimepima hamira tangu hujaota ndevu."

Ulimsogezea mizani. Kisha ukasema, "Gus asijue."

"Gus hajui hata tarehe yake ya kuzaliwa."

Basi majira yale ya baridi mlikaa bega kwa bega. Wewe ulitaja kipimo, yeye akapima na kumimina, wewe ukavuta mkono wa mashine kukaza kichwa mahali pake, kazi isiyodai kidole kilichotulia. Sisi watoto tuliona moshi wa bandani tu na kushangaa wazee wawili wanazungumza nini humo siku nzima. Mkeo anasema hamkuzungumza lolote. Anasema hajapata kufurahi vile.

Mwishoni ukajaza boksi moja, ukalipigapiga kifuniko. "Hili ndilo," ukasema. Kilichobaki ni siku isiyo na upepo. Ulifunga utepe mwekundu kwenye nguzo ya ua, umeukata kwenye aproni ya mkeo bila ruhusa, ukawa unautazama kila asubuhi kutoka dirishani. Kila asubuhi utepe ulikuwa umelala mlalo kama kidole kinachoonyesha jirani zetu wa Dakota ya Kusini.

Siku ile ya mwisho ulisema, "Nipe nusu kikombe. Naona upepo unaishiwa nguvu."

Mkeo alipogeuka na kahawa, utepe ulikuwa umening'inia wima, haugusi kitu. Nawe umeuelekea, macho wazi. Alikuwekea kikombe mbele yako hata hivyo.

Ulizikwa kama ulivyotaka, kwa maneno machache na nyama ya nguruwe nyingi. Baada ya mazishi Gus akaja na nyundo yenu ile ya kung'olea vichwa vya risasi. Ndiyo desturi yenu wajaza risasi: mmoja akifa, wenzake huzivunja risasi alizoacha, zisije zikaangukia mikono isiyojua. Alizivunja zote bandani, analia na kugonga, anagonga na kulia. Baruti tukaimwaga kwenye rubabi za bustanini, mmea wa mabua machachu tunayotilia pai. Zikanenepa kwa mbolea ile, zikatufika kiunoni. Pai zako bado tunazila.

Boksi la mwisho halikuonekana.

"Idella," Gus akamwambia, "sheria ni yake mwenyewe."

"Naijua. Nilishika ngazi akiiandika."

Hakusema zaidi, na mwaka mzima hakusema. Tulidhani ni ukaidi wa mjane. Kumbe alikuwa amebanwa. Akiziacha zivunjwe, hatajua maisha yake yote kama wazo lako la mwisho lilikuwa la kweli au la mzee mbishi. Na ili azipige bila kuivunja sheria yako, lazima amwambie Gus ni mkono wa nani uliomimina baruti. Nawe ulimwomba jambo moja tu.

Juzi, katika kukuandalia siku hii, binti yako Marlys alifungua debe la unga atengeneze chapati zetu za viazi. Mkono ukagonga boksi.

"Mama! Unapikia baruti?"

Gus alikuwa mezani. Akainuka, akaenda kwenye gari lake, akarudi na nyundo.

"Shemeji, lete. Nimalize deni langu kwake."

Mkeo alilishika boksi kifuani, unga umemjaa mpaka kidevuni. Akalitazama dirisha lako. Kisha akasema, polepole, "Weka nyundo chini, Gus. Hizi hazikujazwa na mkono wa mwingine. Baruti nilimimina mimi. Mikono yake ilikuwa imemwacha. Aliniomba usijue, na sasa nimekuambia, Mungu na Arvid wanisamehe."

Gus alivua kofia. Akaketi, akaiweka magotini.

"Nilijua," akasema. "Jumapili ngapi tumekunywa kahawa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa? Nilikuwa namjazia kikombe nusu. Mwenyewe nikakishika changu kwa mikono miwili, nikajifanya nasikia baridi, asiwe peke yake."

Marlys akalia ndani ya unga.

Na sasa sikia, Arvid, maana haya ndiyo tuliyotaka kukuambia.

Leo asubuhi utepe ulining'inia wima. Tukatoka wote. Gus akapanga vifuko vya mchanga kwenye meza yako ya kupigia, Duane akabandika karatasi kule ng'ambo. Mkeo akaketi nyuma ya bunduki, yule yule aliyewahi kukushinda ukasema darubini imelegea. Akaingiza ya kwanza. Akapumua kama ulivyomfundisha, akafyatua.

Tukangoja kiwingu. Hakikuja.

"Imefika," Gus akasema, jicho kwenye darubini. Ya pili ikafika. Nyingine ikafika, na nyingine, mpaka boksi likaisha, na mashimo yakaingiana kama kuku kwenye mvua.

"Sarafu ya robo dola inayafunika yote," Gus akasema. "Alikuwa sahihi. Alikuwa sahihi, mbishi yule."

Mkeo akageuka upande wa kulia, ulikozoea kukaa, mdomo umeshafunguka akuambie.

Kiti kilikuwa na theluji.

Unakumbukwa na mkeo Idella, anayeutazama utepe kila asubuhi kabla ya kumimina kahawa, na ambaye bado humimina vikombe viwili. Na watoto wako Duane na Marlys, wakwe na wajukuu. Na Gus Tollefson, ambaye leo anakunywa kwa mkono mmoja. Karatasi tumeibandika dirishani kwako, uione.

Hutatutoka moyoni, Arvid, upepo uvume usivume.