Pua ya Mzee Ombati

Binamu Wanjala,

Hujambo huko Bungoma? Hapa Kisii mvua hunyesha kila alasiri, na ndizi wanazopika zimenifanya nisahau ugali wenu.

Jana mwenye hoteli ninamolala, Mzee Ombati, alizindua mashine ya gololi, ile yenye kioo juu na taa zinazowaka gololi ikigonga. Mzee wa kanisa akaiombea kwanza. Lakini gololi yake ya chuma ilipotea njiani, kwa hiyo Ombati alikuwa ameagiza fundi wa Tabaka, kijiji cha wachonga mawe, achonge nyingine ya jiwe. Sasa wewe unawajua wachongaji? Jiwe tupu linawawasha mikono. Jamaa alichonga uso wa Ombati mwenyewe, mashavu, tabasamu na ile pua yote!

Mchezo gani huo! Kichwa kilibingirika kidogo, kikakwama kwa pua, kikalala chali kikituchekea. Hata taa moja haikuwaka. Nikasema, "Mzee, hiyo pua ipigwe msasa kidogo tu."

Akanikazia macho. "Mama, hii ni pua ya marehemu baba. Pigeni msasa mashine!"

Watu wakashangilia. Leo foleni imefika mlangoni, na hakuna anayecheza. Wanainamia kioo, wanamwamkia Ombati wa jiwe, wanakwenda zao.

Nami nimetaka wewe pia uchongwe. Nilimpa fundi picha yako, akayatazama masikio, halafu akaomba jiwe la pili.

Nimekukumbuka sana, pamoja na masikio yako.

Binamu yako,
Nafula