Walivyomtoa Mama Kwenye Video Yangu

Jumamosi, alasiri. Malindi leo hakuna upepo hata wa kutikisa jani, na mimi nimefura.

Sijala tangu asubuhi. Nimefua nguo zote, hata zilizokuwa safi, na hasira haijanitoka. Acha niimwage hapa.

Nilipata kazi ya kufundisha kemia katika shule moja ya binafsi hapa mjini. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Utaratibu wao ni kwamba kila mwalimu mgeni atengeneze video ya dakika moja ya kujitambulisha, irushwe kwenye grupu la wazazi, ili wanafunzi wamjue kabla hajaingia darasani. Nilipoambiwa, nilifurahi kama mtoto aliyeshonewa nguo ya sikukuu.

Kwetu Gongoni ukijitambulisha hutaji shahada. Unaulizwa, "Wewe mwana wa nani?" Ukishajibu hilo, mengine hayana haraka. Na sisi Wagiriama mama huitwa kwa jina la mwanawe. Mimi ni Kadzo, kwa hiyo mama yangu ni Mekadzo, na kule kwenye mashamba ya chumvi anakofanya kibarua tangu mimi niko tumboni, hakuna anayemjua kwa jina jingine. Sasa niwaambie wanafunzi mimi ni nani nisimtaje yeye? Nilichukua simu nikaenda kazini kwake.

Alitaka kuvaa leso mpya. Nikamkatalia, nikamtaka vilevile alivyo, na gambuti zake na kilemba cha kazini. Tukasimama kando ya bwawa lililokauka, simu nimeiegemeza kwenye ndoo. Nikaeleza maji ya bahari yanavyoingizwa bwawani, jua linavyoyanywa taratibu, chembe zinavyojijenga chini mpaka ziwe mawe. Kisha nikasema huyu hapa ndiye mwalimu wangu wa kwanza wa kemia. Mama akafumbua kiganja chenye chumvi, akasema sentensi yake moja, ambayo alikuwa ameifanyia mazoezi siku mbili nzima: "Chumvi haiharakishwi, wanangu."

Basi. Kipande chake hakifiki sekunde kumi.

Alhamisi naibu wa mwalimu mkuu akaniita ofisini. Naye ni Mgiriama kama mimi, tena wa bara kabisa, huko kwao babu zake walilima mihogo. Akaniambia, "Dada yangu, video ni nzuri, lakini wazazi wetu ni watu wa maduka na hoteli. Wakiona gambuti watauliza wanalipia nini. Hayo ya chumvi tuyaache Gongoni." Aliyasema kwa upole, anatabasamu, kama mtu anayekutoa uzi begani.

Nami nikajibu nini? Nikasema, "Sawa, mwalimu."

Ndiyo, mimi. Mimi ninayebishana na makanga kwa shilingi kumi. Niko kwenye miezi mitatu ya majaribio, nikaufikiria mkataba. Mkana kwao mtumwa, wasema wazee. Basi siku hiyo ofisini mle tulikuwa watumwa wawili, mmoja amekaa, mmoja amesimama.

Jana wakairusha yao. Jamani! Wameiondoa mandhari ya nyuma yangu wakanibandika kwenye picha ya maabara ya ng'ambo, chupa zinafuka moshi wa kijani, muziki unapiga utadhani bibi harusi anaingia ukumbini. Wametaja chuo nilichosoma na alama nilizopata. Moshi wa kijani! Maabara yetu yenyewe ina mabomba mawili, na moja halitoi maji.

Lakini hayo siyo yanayoniunguza.

Mama alikuwa amewaambia wenzake wote. Mzazi mmoja wa shule ana jamaa zake Gongoni, na kufika mchana video ilikuwa imefika kule. Wale kina mama wakaacha chakula chao, wakaizunguka simu moja wakimngoja Mekadzo atokee. Ikaisha. Wakadhani imekatika, wakairudia. Mara ya tatu, nimeambiwa, waliinuka wakarudi kazini.

Jioni akanipigia. Hakulalamika. Laiti angelalamika! Aliniuliza tu, kwa sauti ya chini, "Kwani nilisema vibaya?"

Nikamdanganya. Nikamwambia simu iliharibu kipande chake. Nikamsikia akishusha pumzi. Akasema hakuna neno, atakuja turudie, na safari hii atavaa ile leso yake, maana huenda ni zile gambuti zilizoharibu picha.

Aka! Mtu na akili zake amwache mama yake aombe msamaha kwa ajili ya viatu vya kazi vilivyomlipia karo?

Leo asubuhi nikashindwa kuvumilia. Nilimpigia nikamwambia kweli yote. Kwamba simu haikuharibika. Kwamba walimtoa kwa sababu ya chumvi, na kwamba waliniuliza kwanza, nikakubali.

Nilisikia kuku, nikasikia jirani akiita mtu. Kisha mama akakata.

Mama yangu hajawahi kunikatia simu. Hata akiba yake ya maongezi ikikaribia kwisha huniaga mapema, asije akakatika nikadhani amekasirika.

Tangu Alhamisi nimemtukana naibu kimoyomoyo kwa kila tusi ninalolijua, na ninayajua mengi. Anastahili. Lakini yeye hajawahi kuiona miguu ya mama ilivyopasuka kwa maji ya chumvi. Mimi nimeipaka mafuta kila Jumapili tangu utotoni. Mimi nilijua ninakubali nani atolewe, na nilikubali.

Saa nane mchana nimeituma ile video ya kwanza kwenye grupu la wazazi, nzima, bila kumwomba mtu ruhusa. Chini nimeandika: "Naitwa Kadzo, mwana wa Mekadzo wa Gongoni. Jumatatu nitawafundisha kemia." Kazi ikienda, na iende. Nilikuwa nauza sambusa nikiwa chuoni, mikono ninayo bado.

Naibu ameshapiga mara tatu, sipokei. Wazazi wanaandika, simu inatetemeka mezani, sisomi. Nangoja namba moja tu, na hiyo hailii.

Kesho ni Jumapili, hakuna kibarua, atakuwa nyumbani. Nitatoka alfajiri. Nikifika nitapiga hodi, na asipoitikia nitakaa kizingitini mpaka aitikie.