Fundi, Baraza Letu Wamelivunja

Fundi,

Mwangaluka. Naanza na salamu kwa sababu hukupenda mtu aingie na shida zake kabla hajakujulia hali, hata awe amekimbizwa na ng'ombe. Leo nina shida, lakini nimesalimia kwanza.

Baraza letu wamelivunja. Lile la mbele ya ghala la zamani la pamba, ulikokaa na cherehani yako tangu sijazaliwa, na mimi nikakaa pembeni yako miaka tisa nikijifunza. Limebaki tuta la matofali, na watoto wanaokota vifungo kwenye vumbi. Nimeona nikuambie mwenyewe, kwa sababu kuna jambo ndani yake linanihusu mimi, na sikukuambia ulipokuwa hai.

Nianze pale ulipotuacha.

Uliondoka wiki ya nne baada ya kura, asubuhi, mkeo Mama Limi akikukorogea uji. Siku mbili kabla ya hapo kifua kilikuwa kimekubana mpaka ukawa unaongea neno moja moja, lakini kazi bado uliihesabia vidole. Uliniambia, "Kabula, suti ya Diwani usiicheleweshe. Kiongozi asianze kazi na nguo ya kuazima." Ilikuwa imebaki vifungo na upindo wa suruali. Nilivishona msibani kwako, Fundi, nimekaa mkekani katikati ya akina mama wanaolia, na hakuna aliyenishangaa. Wote walijua ni kazi yako ya mwisho.

Diwani alikuja kuzika akiwa ameivaa. Ilimkaa vizuri sana begani. Alipopewa nafasi ya kusema neno alishika kola yake, akasema, "Mzee huyu ndiye aliyenivisha. Baraza lake halitaguswa mimi nikiwa madarakani." Watu wakaitikia. Mama Limi aliinua uso kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Na mimi nikaamini. Mimi niliyekuwa nakubishia kila siku kwamba wote ni wale wale, nilisimama pale kaburini nikaamini.

Na hao viongozi wapya walianza vizuri, nisiwasingizie. Wiki chache tu bomba la shuleni lilitoa maji. Unalikumbuka, lile tulilokuwa tunalitania kwamba limewekwa kwa ajili ya mijusi kuotea jua. Zahanati nayo ikapata muuguzi wa pili. Wateja wakija kupimwa barazani, habari ilikuwa hiyo hiyo. Akina mama waliotoka kupalilia pamba walisema, "Safari hii tumepata watu." Wengine walisema tungoje kwanza, dawa ya kupulizia pamba bado haijafika na wadudu hawasubiri mtu aapishwe. Sitta, fundi mwenzetu, na midomo yake ile, alisema serikali mpya ni kama suruali mpya, ukitaka kuijua chuchumaa. Tukacheka sana. Nilijikuta nageuka kuangalia kiti chako ili nione kama na wewe unacheka.

Baadaye likaja neno la stendi.

Na kusema kweli, Fundi, stendi tuliitaka. Wewe mwenyewe uliwahi kusema ni aibu mzee kushushwa kwenye gari la Bariadi katikati ya matope na magunia yake. Kwa hiyo tuliposikia viongozi wapya wameanza na stendi, hata sisi mafundi tulifurahi. Hakuna aliyeuliza itajengwa wapi. Siku moja tukafika kazini tukakuta alama ya X nyekundu ukutani, juu kidogo ya pale ulipokuwa unatundika pasi. Rangi ilikuwa bado mbichi. Mama Jose, wa cherehani ya jirani, aligusa kwa kidole, akajipaka kwenye kitenge bila kukusudia, na doa lile halijatoka mpaka leo.

Tulipewa wiki mbili. Tukaambiwa tuhamie nyuma ya mnada. Unapajua pale. Siku ya mnada kuna watu na ng'ombe mpaka huwezi kupita. Siku nyingine zote ni upepo na vinyesi vikavu. Na ilikuwa imebaki kidogo shule zifunguliwe, vitambaa vya sare vimejaa mpaka chini ya meza.

Tukakubaliana twende kwa Diwani, mafundi wote saba. Walinichagua mimi niseme. Nilikataa, nikasema Sitta ni mkubwa kwangu. Mama Jose akasema, "Wewe ndiye mtoto wa Fundi. Wewe ndiye uliyemalizia suti yake. Akikuona wewe atakumbuka." Basi nikavaa gauni la kanisani, nikaenda.

Alitupokea vizuri. Nilisema yote niliyokuwa nimeyapanga, kwa heshima. Nikasema stendi hatuipingi. Nikasema tunaomba tuachwe mpaka sare ziishe, halafu tupewe sehemu ambayo watu wanapita. Nikamkumbusha alichosema kwenye kaburi lako. Alishika kola yake, na niliona kabisa kwamba lilimgusa. Nadhani ilikuwa imebaki kidogo tu akubali, Fundi. Mama Jose naye anasema aliona hivyo hivyo.

Lakini kulikuwa na watu wake pale ndani, na mmoja akakohoa. Diwani akajiweka sawa kwenye kiti. Akatabasamu, akasema, "Mimi ni mpya, nipeni muda. Mnanidai mapema hivi. Haya, aliyepiga kura anyooshe mkono, nijue wenye haki ya kunidai."

Nafikiri alikuwa anatania. Mikono ikapanda. Wangu nao ukapanda, ukafika hapa usawa wa sikio. Halafu nikauona. Sijui nikuelezeje. Nikauona mkono wangu mwenyewe pale juu, nikaushusha.

Akauliza, "Na wewe dada msemaji?"

Nikasema, "Sikupiga."

Watu wake wakacheka. Yeye hakucheka, ila aliinuka, akasema, "Basi ndugu zangu, huyu mliyemtanguliza hata kituoni hakufika. Na leo ndiye anayenikumbusha ahadi." Na kikao kikaishia hapo. Tulitoka nje tukiwa hatuangaliani. Sitta alitangulia mbele peke yake.

Sasa umejua. Siku ile ya kura, ulipotoka kwa pikipiki ukiwa umefungwa shuka kifuani, ukasimama kwenye foleni mpaka watu wakakupisha, mimi nilikuwa njiani kwenda Binza, Maswa, kumjaribisha bibi harusi gauni lake. Ningeweza kwenda siku nyingine. Nilijiambia kura yangu moja haitaongeza wala kupunguza. Niliporudi jioni nikakukuta umelala ubavu, ukaniuliza, "Umepiga?" Nikasema, "Nimepiga, Fundi." Ukasema, "Vizuri. Tuko wawili." Ukalala usingizi.

Tuko wawili. Maneno hayo nimeyabeba. Nikikata kitambaa yapo. Nikinywa chai yapo.

Siku greda lilipokuja, tulikuwa tumeshatoa mashine zote, isipokuwa meza yako ya kukatia. Ilikuwa imejengewa ukutani, hukumbuki? Ulimwita seremala ukamwambia aipigilie isitikisike milele. Tulijaribu kuing'oa, mimi na Mama Jose na wanaume watatu, ikagoma. Dereva wa greda alishuka, akatungoja kwa adabu, akaangalia saa, akarudi kupanda. Ukuta ulianguka mara moja tu. Nilidhani ungechelewa. Mwenye duka la jirani alisema, "Lakini stendi itatusaidia," na ni kweli, hakusema kwa ubaya. Watu wengine walisimama wakitazama kama wanavyotazama chochote kile, halafu wakaenda shambani.

Sasa tuko hivi. Wawili wamerudi vijijini kwao kulima pamba, na mmoja kati yao ameuza mashine yake. Sitta yuko kule mnadani, anakaa peke yake siku sita anangoja ya saba, na hajaniongelesha tangu siku ile. Nikimsalimia anaitikia kwa kichwa. Mama Jose anasema wangevunja tu, hata ningenyoosha mikono yote miwili, kwa sababu rangi ilishapakwa kabla hatujaenda. Labda. Ila usiku na mchana, Fundi, najiuliza. Wazazi walipeleka sare mjini Bariadi. Nilishona tatu tu, nazo ni za watoto wa majirani.

Mimi nimeweka mashine zote mbili nyumbani, yangu na yako, kwenye kile chumba cha mbele. Mama Limi aliniruhusu kuichukua yako. Naipaka mafuta kila Jumamosi.

Na stendi? Vigingi vimepigwa, kamba imefungwa, basi. Tangu greda liondoke hajaja mtu. Mvua imenyesha, pale pana dimbwi, na magari bado yanashusha wazee kwenye matope yale yale. Watu wanaongea sasa kwa sauti ya chini. Wale akina mama waliosema tumepata watu, sasa wakiulizwa wanasema, "Aa, tunaona." Dawa ya pamba ilifika, ila ilifika wadudu wameshakula. Bomba la shuleni bado linatoa maji. Hilo nalisema kwa sababu ungetaka niseme na hilo.

Wiki iliyopita nilienda kwa Mama Limi. Nilimkuta anapepeta mchele. Nikakaa chini, nikamwambia kila kitu, kuhusu Binza na kuhusu uongo wangu kitandani kwako. Nilitegemea anifukuze. Aliendelea kupepeta, akapuliza pumba, akasema, "Alijua."

Nikamuuliza alijuaje.

"Yule bibi harusi wa Binza alimpigia simu jioni ile ile, kabla hujarudi, kushukuru kwamba umempelekea gauni siku ambayo kila mtu yuko kwenye foleni. Nilimwambia, huyu mtoto akija mseme. Akanikatalia. Akasema, mwache, mayu, mama watoto. Atasema mwenyewe siku ikimfika."

Fundi, kwa nini hukunisema? Ungenisema. Ulikuwa unanifumulisha mshono mara nne kwa kupinda kidogo tu, na hili ukaliacha lipite. Uliniuliza huku unajua. Ukasema tuko wawili huku unajua. Nimelia nyumbani kwako kuliko nilivyolia siku tunakuzika, na Mama Limi aliniacha nilie, akaenda kubandika sufuria.

Nilipotulia akanionyesha kadi yako ya mpiga kura. Ameiweka ndani ya kitabu chako cha nyimbo. Picha imefifia, ila shingo ile ya shati ni kazi yako, nimeitambua. Akasema, "Yeye alijua pia kwamba hao viongozi wanaweza kumwangusha. Waliwahi kumwangusha. Alikuwa anaenda tu." Nikairudisha kadi kitabuni.

Jumamosi ijayo kuna mkutano wa kijiji. Diwani ameitwa aje aeleze habari za stendi. Mama Jose ameniambia nisihudhurie, watanizomea, na anaweza kuwa sahihi. Wale waliocheka ofisini kwa Diwani watakuwepo, na Sitta atakuwepo. Lakini nitaenda. Nitasimama pale mbele, nitasalimia kwanza, halafu nitasema kwamba mimi sikupiga kura, lilikuwa kosa langu na sitalificha. Kisha nitasema kwamba hata hivyo naishi hapa, nashona hapa, na nauliza: stendi iko wapi, na mafundi wakae wapi. Nitauliza nikiwa nimesimama wima, na sitakaa mpaka nijibiwe.

Sitegemei kikubwa. Labda atasema tena tumpe muda. Labda watacheka. Baraza halirudi, hilo nalijua, na wewe hurudi. Naogopa kidogo. Ila nimechoka kuwa mtu aliyeshusha mkono.

Pumzika, Fundi wangu. Mama Limi hatakosa nguo wala mtu wa kumtekea maji wakati mimi niko hai, hiyo nimekuahidi. Na kura ijayo, nikiwa mzima, niwe naamini au siamini, nitafika kituoni kabla hakujapambazuka vizuri na nitangoja mlango ufunguliwe.

Ni mimi, mwanafunzi wako,

Kabula