Uso wa Bilhah Mchangani

Laini ya Nne, Kimulot
12 Machi, 1934

Kwa Mama Bosire,

Nisamehe kwa kukawia kukujibu. Barua zako mbili zilifika, lakini Ajwang anaota meno, halali wala mimi silali, na nikitoka kuchuma majani ya chai vidole havikunjuki kushika kalamu. Sisi ni wazima, Mungu asifiwe. Natumaini nanyi ni wazima huko Kendu ziwani, na kifua cha Bosire kimepoa.

Barua yako ya pili haikuwa na salamu hata moja. Uliuliza tu kama nimemroga mdogo wako Bilhah. Wewe Mellen, uliyekaa nami ukuta kwa ukuta miaka mitatu!

Mchezo wangu unaujua. Siku ya kufua, nikingoja nguo zikauke, napanga picha kwenye mchanga wa mto Itare kwa vitu vya kuokota: mawe, manyoya ya kanga, na yale makombe niliyokuja nayo kutoka ufuo wa kwetu ziwani. Napanga mtumbwi, napanga samaki, ili Ajwang ajue kwetu. Maji yakipanda yanafuta. Hakuna aliyewahi kuugua.

Sasa dada yako. Jumamosi moja alizisukuma nepi za mtoto kutoka jiwe la kufulia zikaanguka matopeni, akasema sisi walaji wa samaki tungoje, harufu yetu inaingia mashuka yake. Niliziokota nikazisuuza upya. Alipokwenda nikaupanga uso wake: mawe mawili macho, kombe lililovunjika mdomo, limeinama chini. Wanawake walicheka wakashika mbavu. Syprose akasema huo mdomo ukianza tu kuongea, yeye anakimbia na ndoo yake. Siku ya tatu Bilhah akavimba taya.

Tangu hapo nikipita watu wanavuta watoto wao ndani. Mzee Nyang'au wa kanisa aliniapisha, Biblia mkononi, nikaapa sikutumia kitu chochote cha Bilhah. Bilhah akanitemea mate miguuni. Nyapara naye amemwambia mume wangu Okoth kwamba nikionekana nina hatia, tutahama laini, nyumba tuiache.

Mama Bosire, sikumroga. Ni lile jino bovu, hata wewe ulimkataza kulitafunia miwa. Lakini niliapa uongo. Ule uso ulikuwa na kilemba, na kilemba nilikifanya kwa uzi mwekundu wa kitambaa chake, niliouona umenasa kwenye mwiba. Nilijua ni wake. Kwetu na kwenu kunajulikana ni mtu gani huokota uzi wa mwenzake. Niliuokota kwa hasira, na kwa sababu rangi ilikaa vizuri.

Jumapili nitasimama kanisani niseme, hata tukihama. Ajwang sitamlea juu ya kiapo cha uongo. Dada yako bado simpendi, hilo nalo silifichi. Lakini uso wake nitaupanga upya, mchana, yeye akitazama.

Okoth anawasalimu wote, na mimi namkumbatia Bosire. Akipatikana mtu wa kuja huku, mpe makombe mawili meupe yanayolingana, ya macho. Kokoto nyeusi za ufuoni, kiganja kimoja, za nyusi. Na karafuu za jino lake, hapa dukani zimekwisha. Mdomo usitume, ninao, nitaugeuza uangalie juu. Uzi mwekundu pia usitume. Huo nitamwomba mwenyewe.

Mimi,
Adoyo, mama Ajwang