Usukani wa Babu Hautoki Chumbani

Wee, mjomba amekuja na ufunguo! Anataka kuliendesha gari la marehemu babu hadi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, eti usukani umepasukapasuka kama kisigino changu.

Kisigino changu! Mbele ya majirani!

Nikamwambia usukani nimeuchomoa, nyufa nimeziziba kwa gundi, umebaki msasa na rangi. Akacheka: "Wewe? Kiti cha bibi ulikigundisha, si kikamwangusha?"

Sawa, kilimwangusha. Lakini kisigino jamani?

Nikaubeba, nikajifungia nao chumbani. Anagonga: "Mpwa, lete usukani!"

"Mjomba, kaliendeshe kwa hiyo hiyo midomo!"

Sasa nimekaa mgongo mlangoni, naupiga msasa kwa nguvu, asikie vizuri.