Tuta Linapopinda

Jumanne, Lipangalala

Bado naliwaza lile tuta la kuzuia mafuriko. Limenyooka kando ya mto, ila nyuma ya kwetu linapinda na kumega bustani yangu ya mchicha. Leo nikamuuliza mama mkwe sababu.

"Katapila lilipofika nilikaa chini mbele yake," alisema. "Dereva akazunguka."

"Kwa nini, mama?"

"Nilimzika mwanangu wa kwanza pale. Msichana. Hakufikisha wiki."

Mume wangu anajijua kuwa ndiye mzaliwa wa kwanza.

Kiangazi hiki uongozi wa mtaa unataka kulinyoosha tuta, maana maji hupiga sana kwenye kona. Mafuriko nayaogopa. Lakini kesho namfuata mwenyekiti wa mtaa nimwombe waiache ile kona. Mchicha utajijua.