Nani Alikuwa Akimsimamia Nani

4 Februari

Baba, shikamoo. Hujambo na kifua? Mimi mzima wa mwili tu.

Pasi ya mvuke hapa dobini imemuunguza mwenzangu vidole. Kila aliyekuwepo aliambiwa aandike maelezo kwa Kiingereza. Mimi ni mwanafunzi tu, fundi ndiye ananisimamia, nikaandika: "I was in charge of the operator." Meneja akaniuliza mbele ya watu, "Kumbe wewe ndiye bosi wa fundi?" Walicheka hadi machozi. Kisha nikasimamishwa kazi, eti uzembe ni wangu.

Baba, sentensi ile ulinifundisha wewe.

Mwanao

23 Februari

Mwanangu, marahaba. Kifua kimetulia.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu. Nilifungua kamusi nikitaraji ikukosoe wewe. "In charge of" ni kusimamia. Kusimamiwa ni "in the charge of". Kijineno kimoja, nami nimekipuuza ubaoni miaka ishirini na sita. Siku hizi vijana wakiniita "Ticha" njiani, najifanya sijasikia.

Nimemwandikia meneja wako nikamweleza kwamba kosa ni la aliyekufundisha.

Baba yako

12 Machi

Baba, shikamoo. Natumaini u mzima.

Nimerudishwa kazini. Meneja aliisoma barua yako kwa sauti, akauliza, "Huyu mzee ni nani wako?" Nikasema, "Mwalimu wa zamani tu." Fundi akadakia, "Mwalimu gani huyo! Bora angefuga kuku." Wakacheka.

Na mimi nikacheka, baba. Nilicheka kuwashinda wote. Tangu siku hiyo chakula hakinipiti kooni. Wewe umejivunjia heshima kwa ajili yangu, mimi nimekukana mchana kweupe. Nisamehe.

Mwanao

30 Machi

Mwanangu, marahaba. Kula.

Hilo la kuku si baya, ningelifikiria mapema.

Nikuambie nami langu. Nilipomaliza ile barua ya meneja, niliandika chini, "Baba yake". Nikaitazama. Nikaona watasema, baba mtu mzima, mwalimu, kamfundisha mwanawe ujinga. Nikachukua karatasi nyingine, nikainakili upya yote, nikaweka sahihi, "Mwalimu wake". Kwa hiyo aliyeanza kumkana mwenzake ni mimi.

Wakikuuliza tena, waambie. Ukishindwa, sitakulaumu.

Baba